Kuchoma au Kunasua? Mitambo ya Protini ndani ya Seli na Vitenzi vya Kuielezea

Mwanafunzi wa biolojia katika vyuo vikuu vya Kongo husoma kwa Kifaransa, na aghalabu hulifikiri somo lake kwa Kifaransa. Siku anapotakiwa na jamaa zake aeleze kwa Kiswahili ni kitu gani hasa kinachoufanya msuli ukaze au moyo upige, hutafuta maneno, na kitenzi cha kwanza kumjia ni kuchoma: "Ndani ya mwili mna protini ndogo ndogo zinazochoma chakula ili zipate nguvu." Sentensi hiyo ni fasaha. Huelewa hata mtu asiyepata kuingia darasani, kwa kuwa kila mtu amekwisha kuona makaa yakiwaka jikoni na gari likinywa petroli. Ubaya wake ni kwamba inaeleweka upesi mno. Msikilizaji hupata picha ya jiko dogo lililofichwa ndani ya mwili, na picha hiyo, kwa upande wa protini zenyewe, si sahihi.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi protini hizo zifanyavyo kazi, na papo hapo kuonyesha kwamba Kiswahili kina vitenzi vinavyoikaribia kazi hiyo zaidi kuliko kuchoma. Vitenzi hivyo havihitaji kubuniwa na kamati yoyote ya istilahi. Vimo katika vinywa vya wawindaji, wavuvi na wafunga milango tangu zamani.

Asili ya kuchoma

Haifai kumlaumu mwanafunzi peke yake, kwani sitiari hiyo ameirithi. Mnamo 1783 wanasayansi wawili wa Ufaransa, Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace, walimweka panya wa Guinea katika chombo kilichozungukwa na barafu, wakapima barafu iliyoyeyuka kwa joto la mnyama huyo, kisha wakalinganisha na joto la makaa yanayowaka. Wakakata shauri kwamba kupumua ni namna ya kuungua polepole. Kwa jumla ya mwili, hawakukosea. Chakula huungana na oksijeni, hewa ya kaboni hutoka, joto huonekana. Mtu akisema kwamba mwili kwa ujumla wake unachoma chakula, asemayo yanaweza kutetewa.

Lakini kutoka katika mwili mzima hadi katika protini moja kuna safari ndefu, na ndipo sitiari inapochakaa. Mfaransa mwingine, Sadi Carnot, alionyesha katika 1824 kwamba injini itumiayo moto haiwezi kufanya kazi yoyote isipokuwa ina upande wenye joto na upande wenye baridi; nguvu hupatikana joto linaposhuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Sasa, ndani ya seli hakuna pande hizo mbili. Protini ni ndogo mno, nayo imezama katika maji, hata joto lolote litokealo mahali pamoja husambaa na kupotea kabla protini haijapata nafasi ya kujisogeza. Injini ya moto yenye ukubwa huo isingeenda hata hatua moja. Kwa hiyo protini hizi si injini za moto zilizopunguzwa ukubwa. Ni kitu cha jamii nyingine kabisa.

Mchukuzi wa hatua nane

Mfano ulio rahisi kuuona ni protini iitwayo kinesini. Ilitambuliwa katika 1985 na Ronald Vale, Thomas Reese na Michael Sheetz, waliokuwa wakichunguza neva nene za ngisi huko Woods Hole, Marekani. Ngisi alichaguliwa kwa sababu neva yake kuu ni nene kiasi cha kuonekana kwa macho, na majimaji yaliyomo ndani yake yaweza kukamuliwa kama dawa ya meno.

Shida ambayo kinesini huitatua ni ya umbali. Seli ya neva inayotoka sehemu ya chini ya uti wa mgongo wa mtu hadi kwenye mguu yaweza kufikia urefu wa mita moja, lakini protini nyingi inazozihitaji hutengenezwa katika upande mmoja tu, kwenye mwili wa seli. Kama shehena hiyo ingeachwa ijisambaze yenyewe majini, kama chumvi isambaavyo mchuzini, hesabu yaonyesha kwamba protini ya kawaida ingehitaji zaidi ya miaka 1,000 kuifikia ncha ya pili. Kwa uchukuzi wa kinesini, safari huchukua siku chache.

Kinesini ina umbo la uzi mwembamba wenye mkia upande mmoja, ambao hubeba mzigo, na vinundu viwili upande wa pili. Wanabiolojia huviita vinundu hivyo vichwa, ingawa ndivyo inavyotembelea. Mtoto yeyote angeviita miguu. Vichwa hivyo hukanyaga juu ya mikrotubuli, yaani vijibomba vya protini vilivyotandazwa ndani ya seli kama reli. Katika 1993 Karel Svoboda, Steven Block na wenzao waliishika kinesini moja kwa njia ya ushanga mdogo sana ulionaswa katika mwali wa leza, wakaipima hatua yake: nanomita 8, yaani sehemu nane za milioni moja ya milimita. Haipigi hatua ya 5 wala ya 11. Ni 8, tena 8, kwa kuwa ndio umbali kati ya kikanyagio kimoja na kingine juu ya kijibomba. Ikiwa na lishe ya kutosha, huweza kupiga takriban hatua 100 kwa sekunde moja, na kila hatua huigharimu molekuli moja ya ATP.

ATP, au kwa kirefu adenosini trifosfati, ndiyo sarafu ya nishati katika viumbe hai vyote vijulikanavyo. Ilitambuliwa katika 1929. Ni molekuli yenye mkia wa fosfati tatu zilizoungana, nazo zote zina chaji hasi, kwa hiyo zinasukumana kama watu wasiopendana waliolazimishwa kukaa benchi moja. Fosfati ya mwisho ikikatwa kwa kuingiza molekuli moja ya maji, hubaki ADP yenye fosfati mbili, na nishati hupatikana. Oksijeni haihusiki hapo, wala hapana moto. Kimsingi ni kukatwa kwa maji tu. Na tena, uwezo wa ATP hautoki ndani yake peke yake. Seli hufanya jitihada usiku na mchana kuhakikisha kwamba ATP ni nyingi na ADP ni chache, mbali sana na mahali ambapo viwili hivyo vingetulia kama vingeachwa. Umbali huo ukitoweka, ATP ingekuwapo lakini isingeweza kusogeza chochote, kama maji ya bwawa yaliyo sawa pande zote mbili za ukuta.

Kuishi ndani ya dhoruba

Kabla ya kuendelea yafaa kukumbuka mahali penyewe palivyo. Molekuli za maji ndani ya seli hazitulii hata kidogo. Huigonga protini kutoka kila upande bila kukoma. Tena, kwa kitu kidogo kiasi hicho, maji ni mazito kama uji ulioganda. Mwanafizikia Edward Purcell alieleza katika hotuba iliyochapishwa 1977 kwamba bakteria aachaye kuogelea husimama kabla hajasogea hata upana wa atomu moja. Na protini ni ndogo kuliko bakteria kwa mbali. Kwa hiyo mazoea yote ya mashine za karakana hayafai hapa. Hakuna gurudumu litakaloendelea kuzunguka kwa kasi ya awali, wala nyundo itakayopiga kwa uzito wake.

Nishati ya ATP moja, ikilinganishwa na msukosuko huo wa joto, ni kama mara 20 hadi 25 tu. Si kidogo, lakini si nyingi pia. Ni kama mtu atakaye kutembea kwa mpango sokoni siku ya gulio, akisukumwa na kila apitaye, naye ana nguvu kidogo tu kuliko wasukumaji. Ajabu ni kwamba kinesini ikibeba mzigo ulio karibu na kuishinda, hugeuza karibu nusu ya nishati ya kila ATP kuwa kazi. Injini za petroli za magari ya kawaida hazifiki hapo.

Inawezekanaje? Jibu ni kwamba protini haipigani na msukosuko. Huutumia. Kichwa cha nyuma cha kinesini kikiachwa huru, msukosuko ndio unaokirusha huku na huku mpaka kikiguse kikanyagio cha mbele. Kazi ya ATP ni kuhakikisha kwamba kichwa kilichosimama kinabana vizuri na kumwelekeza mwenzake upande wa mbele, na kwamba hatua ikishapigwa haiwezi kurudiwa kinyumenyume kwa urahisi. Kwa maneno mengine, dhoruba husukuma pande zote, na ATP huziba upande wa nyuma.

Ajabu ya msuli

Somo hili hudhihirika zaidi katika msuli, na msuli ndio ulioanza kuchunguzwa. Katika 1939 Vladimir Engelhardt na Militsa Lyubimova, mume na mke wa Umoja wa Kisovieti, walionyesha kwamba miosini, ambayo ndiyo protini kuu ya msuli, huikata ATP yenyewe. Miaka michache baadaye, wakati vita vikiendelea, Albert Szent-Györgyi na wenzake mjini Szeged, Hungaria, walitengeneza nyuzi za miosini na protini nyingine iitwayo aktini, wakazinyunyizia ATP, nazo zikajikunyata mbele ya macho yao. Kisha katika 1954, makundi mawili yaliyofanya kazi mbalimbali, Andrew Huxley na Rolf Niedergerke kwa upande mmoja, Hugh Huxley na Jean Hanson kwa upande wa pili, yalieleza kwamba nyuzi hizo hazifupiki. Huteleza tu, moja ikipita kando ya nyingine, kama vidole vya mkono mmoja viingiavyo kati ya vidole vya mkono wa pili.

Kinachoziteleza ni vichwa vya miosini, ambavyo huishika nyuzi ya aktini, huivuta, huiachia, na kuishika tena mbele kidogo. Hapo mtu aliyelelewa katika sitiari ya moto atakisia bila kusita kwamba ATP huja, huchomwa, na mchomo huo huuvuta uzi. Sivyo. Richard Lymn na Edwin Taylor walionyesha katika 1971 kwamba ATP ikifika kwenye kichwa cha miosini kilichoshika aktini, jambo la kwanza kutokea ni kichwa hicho kuachia. ATP hunasua. Baada ya kunasuka, kichwa kikiwa hewani, ndipo ATP inapokatwa. Na kukatwa kwake hakuvuti kitu, bali hukikunjua kichwa na kukiweka tayari, kama upinde uliovutwa. Kichwa kilichotegwa hivyo hugusa aktini tena, fosfati iliyokatwa hutoka, na kutoka huko ndiko kunakofyatua mvuto. Mwisho ADP nayo hutoka, na kichwa hubaki kimenasa, kikingoja ATP nyingine ije kukinasua.

Ushahidi wake mtu yeyote anaweza kuushika kwa mkono. Mbuzi aliyechinjwa huwa laini mwanzoni, kisha baada ya saa kadhaa viungo vyake hukakamaa. Maiti ya mtu pia hukakamaa vivyo hivyo. Kama ATP ingekuwa ndiyo ivutayo, basi mwili uliokwishiwa na ATP ungelegea. Kumbe hukakamaa, kwa sababu vichwa vya miosini vimenasa na hakuna cha kuvinasua. Nyama hulainika tena baadaye kwa sababu vimeng'enya vinazikatakata protini zenyewe, wala si kwa sababu mikono hiyo imeachia. Hakuna mfano ulio bora kuliko huu wa kumtoa mwanafunzi katika picha ya jiko: moto ukizimika, mashine hulegea na kusimama, ATP ikikwisha, msuli hushikilia.

Kinesini, kwa hiari yake, imepanga mambo kinyume. Kichwa chake chenye ATP hubana sana, na kile chenye ADP ndicho kinacholegea. Lakini katika protini zote mbili ATP haimo katika hali ya mafuta yanayolipuka. Ni kibali cha kupita kutoka katika umbo moja kwenda katika umbo jingine, na utaratibu wa vibali hivyo ndio unaoufanya mwendo uwe wa mbele.

Vitenzi vya kutendua

Msomaji mwangalifu amekwisha kuona kwamba maelezo yaliyotangulia yameegemea jozi za vitenzi: kunasa na kunasua, kukunja na kukunjua, kutega na kutegua. Katika sarufi ya Kiswahili huo huitwa mnyambuliko wa kutendua. Mzizi hupewa kiambishi cha -u- au -o-, na maana yake hugeuka kuwa kinyume: funga hutoa fungua, ziba hutoa zibua, bandika hutoa bandua. Kiswahili cha Lubumbashi kimehifadhi hata konsonanti ambayo Kiswahili sanifu kimeipoteza, kwani mitaani husikika "fungula mulango". Mnyambuliko huu ni wa Kibantu hasa, na Kifaransa hakina kitu kinacholingana nao kwa ukamilifu, ingawa kiambishi chake cha mwanzo dé- hujaribu.

Ulinganifu wake na mitambo ya seli si wa bahati tupu. Protini itumiayo ATP haifanyi jambo moja kisha ikapumzika. Hufanya jambo na kulitendua, na ni lazima ilitendue kwa njia tofauti na ile iliyolitendea, la sivyo ingebaki ikienda mbele na nyuma mahali pamoja. Anayekunja na kukunjua mkono ndani ya maji mazito, kwa njia ile ile, hasafiri. Anayenasa, akakunja, akanasua, kisha akakunjua, husafiri.

Kuchoma, kwa upande wake, ni kitenzi cha kutazamwa kwa shaka. Katika maana ya kudunga, kina kinyume chake: mwiba huchoma, nao huchomolewa. Katika maana ya moto hakina. Hakuna mtu aliyepata "kuchomoa" makaa yakarudi kuwa kuni, wala kuunguza hakuna kinyume. Lugha imeshika ukweli wa jikoni, kwamba kilichoungua kimekwenda. Lakini ATP iliyokatwa haijaenda. Hubaki ADP na fosfati, tayari kuunganishwa upya, na huunganishwa. ATP yote iliyomo katika mwili wa mtu mzima haifiki nusu kilo, ilhali ile inayotumika kwa siku moja hukadiriwa kukaribia uzito wa mwili wenyewe. Maana yake, kila molekuli hukatwa na kuungwa tena mara mamia kadhaa kati ya asubuhi na asubuhi.

Kwa sababu hiyo picha ya mtego inafaa kuliko picha ya moto. Mtego uliotegwa hukaa kimya. Nishati imo ndani ya kijiti kilichopindwa. Hufyatuka kwa kuguswa, kisha hutegwa tena kwa kijiti kile kile. ATP nayo, bila kimeng'enya cha kuigusa, hukaa majini muda mrefu bila kukatika. Tena kuna bahati njema ya kihistoria. Neno mtambo, ambalo leo humaanisha mashine kubwa kama ile ya umeme au ya kuyeyushia shaba, lilitumika tangu zamani kwa kitu chenye kufyatuka: mtambo wa bunduki, mtambo wa mtego. Anayeita kinesini au miosini "mtambo wa protini" amerudi kwenye maana ya kwanza ya neno, na wala hakuazima kitu. Mashine na injini, maneno yaliyokuja na magari, hayana kumbukumbu hiyo.

Pingamizi lipo. Kutegua hutumika pia kwa kiungo kilichoteuka, na kwa kuharibu mtego wa mwenzako. Pengine kufyatua kitafaa zaidi kwa ule mvuto wenyewe, na kutegua kiachiwe waganga wa mifupa. Kunasua hakina mgogoro wowote.

Anayetega mitego

Nani basi huitega ATP upya? Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na mtambo mwingine wa protini ulio katika mitokondria, na huu ni wa ajabu kuliko yote, maana huzunguka kweli. Peter Mitchell, Mwingereza, alipendekeza katika 1961 kwamba mitokondria hutumia nishati ya chakula na oksijeni kusukuma protoni, yaani viini vya haidrojeni, hadi upande mmoja wa utando, kisha hizo protoni zinaporudi hutumika kama maji ya bwawa. Alipingwa miaka mingi. Akapewa Tuzo ya Nobel 1978. Paul Boyer wa Marekani alidai kwamba mtambo upitiwao na protoni hizo una vyumba vitatu vinavyopokezana zamu. John Walker na wenzake mjini Cambridge walilichora umbo la sehemu yake kuu katika 1994, na vyumba vitatu vikaonekana, kila kimoja katika hali yake. Mwaka 1997 wanasayansi wa Japani, Hiroyuki Noji na wenzake, waliufunga uzi wa aktini unaong'aa kwenye ekseli ya mtambo huo mmoja, wakautazama kwa hadubini ukizunguka. Mwaka huo huo Boyer na Walker walipata Nobel. Katika ng'ombe, kama ijulikanavyo sasa, protoni 8 hupita ili mzunguko mmoja ukamilike, na mzunguko huo hutoa ATP 3.

Jambo moja katika mawazo ya Boyer linastahili kukawiwa. Alitambua kwamba, ndani ya chumba cha mtambo huo, ADP na fosfati huungana karibu bila gharama. Kinachogharimu ni kuitoa ATP iliyokwisha kutengenezwa, kwa kuwa chumba kimeing'ang'ania. Ekseli inapozunguka hukilazimisha chumba kifunguke. Hivyo hata hapa, mahali ambapo mtu angetazamia kusikia habari za tanuri, nishati hutumika kunasua.

Muhogo na mitego isiyotegwa

Tofauti kati ya sitiari hizi mbili si ya wanaisimu pekee, na nchi ya Kongo ina sababu ya kuijua. Muhogo mchungu usioandaliwa vema hutoa sianidi. Sumu hiyo hukishika kimeng'enya cha mwisho katika mnyororo wa mitokondria, kile kinachoipokea oksijeni, na kuzuia kazi yake. Protoni hazisukumwi tena, ekseli husimama, ATP haitegwi. Mtu aliyepata sumu nyingi ana oksijeni tele katika damu yake, na chakula tumboni, lakini mitambo yake imekosa mitego. Seli za neva huumia upesi, kwani sehemu kubwa ya ATP yao huenda kwenye pampu ambayo Jens Skou wa Denmark aliieleza katika 1957: kwa kila ATP moja hutoa nje sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2, na bila kazi hiyo neva haiwezi kupeleka ujumbe.

Sumu kidogo kidogo ya kila siku, kwa mtu ambaye chakula chake hakina protini ya kutosha, huhusishwa na ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu yote miwili kwa ghafula na bila kupona. Daktari Giovanni Trolli aliandika habari zake katika 1938 kutokana na wagonjwa wa Kwango. Ulitokea Nampula, Msumbiji, mwaka 1981, na Tarime, Tanzania, mwaka 1985, wakati wa ukame, pale watu walipopunguza siku za kuloweka na kukausha muhogo kwa sababu ya njaa. Mahitaji ya protini yana maana yake hapa: mwili huibadilisha sianidi kuwa kitu kisicho na sumu kali kwa kutumia salfa inayotoka katika protini za chakula, kama vile za maharage, samaki na nyama.

Mama anayeambiwa kwamba sumu ya muhogo "huzima moto wa mwili" anaweza kudhani kwamba dawa yake ni kuuchochea moto huo, yaani kula zaidi, na kilichopo cha kula ni muhogo huo huo. Akiambiwa kwamba sumu huzuia mitego ya mwili isitegwe upya, na kwamba kazi ni kuitoa sumu kabla chakula hakijafika mdomoni, ameelekezwa mahali panapostahili, yaani kwenye maji na kwenye muda.

Muda huo si lazima uwe wa siku nyingi. Katika kijiji cha Kay Kalenge, eneo la Popokabaka, kuanzia 2010 wanawake walifundishwa kuulowanisha unga wa muhogo, kuutandaza mwembamba juu ya mkeka, na kuuacha saa 2 juani au saa 5 kivulini kabla ya kuusonga. Katika muda wa mradi huo hakukuonekana mgonjwa mpya wa konzo. Kinachofanya kazi mkekani hapo ni kimeng'enya kilichomo katika muhogo wenyewe, ambacho maji hukipa nafasi ya kuivunja sumu ikatoka kama hewa. Hicho hakihitaji ATP.